Uwanja Huazimwa, Ploti Huuzwa: Mbio za Magari katika Viwanja vya Ndege

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii imezoeleka kusemwa mlangoni, mkono wa mgeni ukiwa bado umo katika mkono wa mwenyeji. Ni nadra kuisikia panapozungumziwa mashindano ya magari. Hata hivyo, kuna aina moja ya mashindano ambayo haieleweki vizuri pasipo kufikiria adabu ya mgeni na mwenyeji. Ni yale ambayo kila mwaka huazima uwanja wa ndege kwa siku chache, yakaugeuza kuwa njia ya mbio, kisha yakaondoka na kuurejesha ulivyokuwa. Makala haya yanashikilia kwamba thamani ya mashindano ya namna hiyo haipimwi kwa kasi ya magari wala kwa wingi wa watazamaji. Hupimwa kwa hali ya uwanja siku ya pili yake, na kwa utayari wa mgeni kumpisha aliye na dhiki kubwa kumliko.

Kiswahili chenyewe kinatoa mwanga wa kutosha kuhusu suala hili. Mahali pa kutua ndege na mahali pa kuchezea mpira, lugha hii imepaita kwa neno lile lile: uwanja. Kuna uwanja wa ndege, uwanja wa michezo, uwanja wa maonyesho na hata uwanja wa vita. Kabla ya ndege kujulikana, uwanja ulikuwa ile sehemu ya wazi mbele ya nyumba au katikati ya mji, iliyofagiwa ikawa safi. Asubuhi nafaka ilianikwa hapo. Alasiri watoto walicheza hapo. Usiku ngoma ilichezwa hapo. Palipokuwa na harusi, jamvi la harusi lilitandikwa papo hapo palipotandikwa jamvi la matanga mwezi uliopita. Hapakuwa na shughuli iliyodai kwamba uwanja ni wake peke yake. Iliyokwisha ilifagia na kuondoka ili inayofuata ipate nafasi. Kinyume cha uwanja ni ploti, yaani kipande cha ardhi kilichopimwa, kikawekewa mawe ya mpaka, kikatolewa hati na kupata mwenyewe mmoja. Kwa ufupi, uwanja huazimwa, ploti huuzwa. Tofauti hii ndiyo msingi wa hoja yote inayofuata.

Mfano ulio bayana zaidi unapatikana katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Mnamo Desemba 1978 mji huo ulishindwa kulipa madeni yake kwa mabenki. Ulikuwa mji mkubwa wa kwanza wa Marekani kufikwa na aibu hiyo tangu Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930. Kabla ya hapo, mwaka 1969, mto wake wa Cuyahoga ulikuwa umeshika moto kwa sababu ya mafuta na taka za viwandani zilizoelea juu ya maji. Jina la mji likawa kichekesho kwa wengi. Ukingoni mwa Ziwa Erie, karibu kabisa na katikati ya mji, palikuwa na uwanja mdogo wa ndege uitwao Burke Lakefront, mali ya mji wenyewe, uliofunguliwa mwaka 1947. Tarehe 4 Julai 1982, sikukuu ya uhuru wa nchi hiyo, njia za ndege za uwanja huo zilifungwa na magari ya mashindano yakaingia. Mbio za kwanza zilikuwa za kilomita 500, na mshindi alikuwa Bobby Rahal, ambaye ndiyo kwanza alikuwa akipata ushindi wake wa awali katika mfululizo huo wa mashindano. Tangu hapo mbio hizo zikawa ada ya kila mwaka hadi 2007.

Ni vyema kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, maana asiyejua utaratibu wake huenda akadhani kwamba uwanja wa ndege ni njia ya mbio iliyo tayari. La hasha! Uwanja wa ndege ni bapa na mpana, hauna kona. Kona hubuniwa kwa kuunganisha njia za kurukia ndege na zile njia nyembamba zinazotumiwa na ndege kuingia na kutoka. Mipaka huchorwa kwa rangi. Vipande vizito vya zege hupangwa pale ambapo gari likipotea njia litahatarisha watu, mafungu ya matairi yakawekwa mbele yake, na uzio wa waya juu yake. Majukwaa ya watazamaji husimamishwa kwa vyuma vinavyofungwa kwa skrubu na kufunguliwa. Wakati huo marubani hujulishwa mapema kwamba uwanja umefungwa, na ndege zikaelekezwa kwingine. Mbio zikiisha, kazi ya pili huanza, nayo haina watazamaji. Kila kizuizi huondolewa. Kila skrubu iliyodondoka, kila kipande cha chuma au mpira huokotwa, kwa sababu injini ya ndege ikivuta kitu kidogo kama hicho yaweza kuharibika na kuhatarisha maisha ya abiria. Hivyo basi, katika uwanja wa ndege kufagia si suala la usafi tu. Ni suala la uhai.

Mandhari hayo yaliwapa madereva wa Cleveland mtihani wa pekee. Katika njia ya kawaida dereva huweka alama zake kwa mti, kwa ukuta au kwa daraja ili ajue ni wapi pa kukanyaga breki. Katika uwanja wa ndege hakuna mti wala ukuta. Kote ni saruji na lami hadi upeo wa macho. Zaidi ya hayo, mwanzoni mwa mbio magari yalitoka katika njia pana ya ndege, yakiwa yametawanyika bega kwa bega, kisha yakafika katika kona ya kwanza iliyo kali na kulazimika kubanana. Ajali za kona hiyo zilikuwa jambo la kutarajiwa. Watazamaji nao walipata faida ambayo ni adimu katika michezo ya magari. Kwa kuwa uwanja ni bapa, aliyeketi jukwaani aliweza kuona karibu njia nzima, iliyokuwa na urefu wa takriban kilomita 3.4 katika miaka ya mwisho, badala ya kuona gari likipita mara moja na kutoweka. Mwaka 2003 mbio hizo zilifanyika usiku chini ya taa zilizoletwa kwa ajili ya shughuli hiyo, na Sébastien Bourdais wa Ufaransa akaibuka mshindi.

Je, mwenyeji alipona? Itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba mbio za magari zililipa madeni ya Cleveland au kusafisha mto wake. Hakuna mchezo uwezao kubeba mzigo huo. Lakini mji uliozoea kutajwa kwa kushindwa ulipata wikendi moja kila mwaka ya kutajwa kwa jambo jingine, tena bila kujenga jengo kubwa ambalo lingebaki likidai ukarabati kila mwaka. Jambo hili lilidhihirika zaidi siku ya mwisho kuliko siku ya kwanza. Mapema mwaka 2008 mifululizo miwili ya mashindano ya magari nchini Marekani iliyokuwa ikivutana kwa miaka mingi iliungana, na katika muungano huo mbio za Cleveland zikakosa nafasi katika ratiba. Za mwaka 2007, zilizoshindwa na Paul Tracy wa Kanada, ndizo zikawa za mwisho. Mji haukubaki na gofu. Haukuachiwa majukwaa yanayooza wala lami isiyo na kazi. Ndege ziliendelea kutua palepale zilipokuwa zikitua. Mgeni hakurudi, lakini nyumba ilibaki nyumba.

Hapana shaka kwamba si kila mgeni huwa na adabu hiyo, na historia ya michezo ya magari imejaa wageni waliohamia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilibaki na viwanja vingi vya ndege za kivita visivyokuwa na kazi. Kimoja kati ya hivyo, Silverstone, kiliandaa mbio kubwa za nchi hiyo mnamo Oktoba 1948, na tarehe 13 Mei 1950 kikawa mahali pa mashindano ya kwanza kabisa ya ubingwa wa dunia wa Formula 1. Leo Silverstone ni njia ya mbio ya kudumu, na wengi waendao huko huenda hawajui kwamba hapo zamani palikuwa makao ya ndege za kijeshi. Kule Sebring, Florida, uwanja uliojengwa wakati wa vita kufunzia marubani umekuwa na mbio za saa 12 tangu 1952. Huko mgeni na mwenyeji wamegawana nyumba: upande mmoja ndege, upande mwingine magari, na baadhi ya vipande vya njia bado ni saruji ile ile ya wakati wa vita, yenye mashimo na viungio vinavyotikisa magari. Katika mifano hii miwili hakuna aliyedhulumiwa, maana mwenyeji wa awali alikuwa ameondoka au amepungukiwa na kazi. Funzo lake ni kwamba azima isiyo na tarehe ya kurudisha hugeuka milki, na mara nyingi hugeuka kimyakimya.

Mfano unaofichua zaidi maana ya adabu ya mgeni unatoka Berlin, Ujerumani. Uwanja wa ndege wa Tempelhof ulijengewa jengo lake kubwa katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Wanazi. Mwaka 1948, barabara na reli za kuingia Berlin Magharibi zilipofungwa na Wasovieti, ndege za Marekani na Uingereza zilileta chakula na makaa ya mawe kwa wakazi zaidi ya milioni mbili, na Tempelhof ukawa miongoni mwa viwanja vilivyopokea shehena hizo. Uwanja ulifungwa kwa safari za ndege mnamo Oktoba 2008, na mwaka 2010 njia zake zikafunguliwa kwa umma. Watu wakaanza kuendesha baiskeli, kurusha tiara na kulima bustani ndogo mahali palipotua ndege. Serikali ya mji ilipotaka kujenga nyumba kwenye kingo za uwanja huo, wakazi walidai kura ya maoni. Mnamo Mei 2014 zaidi ya asilimia 64 ya waliopiga kura waliamua kwamba uwanja uachwe wazi. Kwa maneno mengine, wakazi wa Berlin waliukataa uwanja wao kuwa ploti.

Mwaka mmoja baadaye, mnamo Mei 2015, mashindano ya magari ya umeme ya Formula E yalifika hapo kwa mara ya kwanza, yakitumia sakafu ya saruji iliyo mbele ya jengo la zamani. Lakini kabla ya mwaka wa pili kufika, lilitokea jambo lililokuwa kubwa kuliko mchezo wowote. Kuanzia Oktoba 2015 mabanda ya ndege ya Tempelhof yaligeuzwa makao ya dharura ya wakimbizi kutoka Syria, Iraki, Afghanistani na kwingineko. Zaidi ya watu 2,000 walilala katika mabanda hayo. Waandalizi wa mbio walikuwa na njia mbili: kudai haki ya mkataba au kutafuta mahali pengine. Mbio za Mei 2016 zikafanyika katikati ya mji, katika barabara ya Karl-Marx-Allee. Mwaka uliofuata, 2017, zikarudi Tempelhof.

Tukio hilo dogo la kuhamisha mbio lina uzito kuliko orodha nzima ya washindi. Kama Tempelhof ingekuwa njia ya mbio ya kudumu, yenye majukwaa ya zege na mwekezaji anayedai faida yake, pengine mabanda yasingepatikana, au yangepatikana baada ya mabishano marefu mahakamani huku watu wakilala nje. Kwa kuwa mbio zilikuwa mgeni, ziliweza kupisha. Aliyekuja na tikiti alimpisha aliyekuja na mtoto mgongoni. Hivi ndivyo uwanja wa kale mbele ya nyumba ulivyofanya kazi: ngoma iliyopangwa kwa mwezi mzima huahirishwa usiku mmoja tu jirani anapofiwa, na hakuna anayemuuliza mfiwa kibali. Mnamo Agosti 2020, wakati maradhi ya Korona yalipovuruga ratiba za michezo duniani, uwanja huo huo ulikubali tena kuwa mwenyeji wa haraka. Mbio sita zilifanyika hapo katika muda wa siku tisa, bila watazamaji, kwa kubadilisha mwelekeo na umbo la njia, ili msimu uliokwama upate kumalizika. Uwanja ulio wazi ulimsaidia mkimbizi, na ulipohitajiwa ulimsaidia pia mwanamichezo.

Wapo watakaopinga hoja hii, na pingamizi zao hazistahili kupuuzwa. Pingamizi la kwanza ni kwamba mbio za magari ni anasa ya wenye nacho. Uwanja wa umma huzungushiwa uzio, tikiti zikauzwa, na asiye na pesa akabaki nje ya mahali ambapo jana alikuwa akipita bure. Pingamizi hili lina ukweli, na jibu lake halimo katika kuukana ukweli huo. Jibu ni kwamba uzio wa wikendi moja si dhuluma endapo mwenyeji ndiye aliyepanga masharti yake: tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, gharama ya usafi, fidia kwa wenye ndege waliolazimika kutua kwingine, na sehemu ya mapato itakayorudi kwa umma. Masharti hayo yanapoandikwa gizani, uzio wa wikendi huwa mwanzo wa ukuta. Pingamizi la pili ni kwamba njia ya kudumu ni salama zaidi kwa madereva na watazamaji. Hili nalo ni kweli kwa kiasi, na ndiyo maana mashindano mengi yamehamia huko. Hata hivyo, njia ya kudumu hudai kutumiwa mwaka mzima ili ijilipe, na mahali pasipo na magari ya kutosha huishia kuwa gofu linalolishwa na kodi za watu. Mji maskini una haki ya kuonja mchezo wa gharama kubwa pasipo kuuoa.

Kwa msomaji wa Kenya suala hili haliko mbali kama linavyoonekana. Nchi hii imeupa ulimwengu wa magari neno moja maarufu mno, safari, kupitia mbio za Safari Rally zilizoanza mwaka 1953. Hadi 2002 mbio hizo zilipita katika barabara zilizo wazi kwa kila mtu, na dereva wa kimataifa aliweza kukutana na matatu, lori au kundi la ng'ombe akiwa katika kasi ya ajabu. Huyo alikuwa mgeni aliyepita sebuleni bila kubisha hodi, na hatari yake kwa mwenyeji ilikuwa dhahiri. Ziliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, zilirudi kwa utaratibu wa kufunga vipande vya njia kwa muda maalum na kuvifungua baadaye. Hayo ni mafanikio ya adabu, wala si ya teknolojia pekee.

Lakini tishio kubwa kwa uwanja nchini Kenya halijawahi kuwa mgeni wa wikendi moja. Ripoti ya tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyokabidhiwa mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ya kila aina ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Mnamo Januari 2015 taifa lilishuhudia watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi wakirushiwa vitoa machozi walipousukuma ukuta uliokuwa umejengwa kuuziba uwanja wao wa kuchezea. Wale watoto hawakuhitaji kamusi. Walijua uwanja ni nini, na walijua kwamba ukuta ule haukuwa wa mgeni.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapopata wajibu wao. Kabla ardhi haijanyakuliwa kwa mawe ya mpaka, hunyakuliwa kwanza kwa maneno. Uwanja ambao watoto huucheza kila jioni huanza kuitwa "ardhi tupu" katika hotuba. Kisha huitwa "ardhi isiyoendelezwa" katika barua. Mwishowe huitwa "ploti" katika hati. Mtu asiyeziona hatua hizo tatu za lugha huja kushtuka akiwa amechelewa, ukuta umeshasimama. Uwanja wa Tempelhof ungeweza kuitwa ardhi tupu, maana hauna ndege tena. Wakazi wake walikataa kuuita hivyo, na kwa kukataa huko wakapata mahali pa baiskeli, pa magari ya umeme na pa wakimbizi, kila kimoja kwa zamu yake. Anayefundisha msamiati wa ardhi darasani, anayetafsiri ilani ya serikali, anayehariri habari ya mgogoro wa mipaka, kila mmoja wao ana nafasi ya kuita uwanja kwa jina lake kabla jina jingine halijabandikwa juu yake.

Mbio za magari katika uwanja wa ndege, basi, ni somo la ujirani lililovaa kofia ya chuma. Zinapokuja kwa tarehe inayojulikana, zikalipa zilichokubali kulipa, zikaokota skrubu zao na kumpisha mwenye shida, hazina budi kukaribishwa hata na wasiopenda makelele yake. Zinapoanza kuulizia mawe ya mpaka, inafaa mwenyeji akumbuke methali nyingine ya wazee wale wale: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na jembe la kwanza kwa mgeni wa aina hii ni ufagio.